Mashine pepe zinaburuza miguu? Usiilaumu prosesa, muulize mzee wa ghala

Leo naleta mada ya kifundi kidogo, ila msikimbie, maana ndani yake kuna cheti cha kuzaliwa cha kijana wa watu, kuna LUKU iliyoisha usiku wa manane, na kuna mimi mwenyewe nimeshika kichwa. Mada ni hii: kwa nini mashine pepe kwenye seva ya nyumbani zinakwenda mwendo wa kinyonga, na ufanye nini ili diski iende haraka bila kukutia hasara.

Kwa asiyejua, mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Unachukua mashine moja ya chuma, unaweka programu ya kuigawa, halafu humo ndani unapandisha Windows moja, Linux mbili, kila moja inajiona iko peke yake duniani. Siyo jambo la jana. VMware walitoa Workstation yao 1999, na Linux ikapata KVM ndani yake mwanzoni mwa 2007. Mimi natumia Proxmox, kazi ya jamaa wa Vienna kule Austria iliyotoka 2008, ambayo kimsingi ni Debian yenye KVM na ukurasa wa kuiendeshea kwenye kivinjari. Ni bure. Unaishusha, unaiweka kwenye flashi, unaipandisha.

Seva yangu usiifikirie mtambo wa benki. Ni Dell OptiPlex ya mtumba, prosesa Core i5 yenye viini 4, RAM GB 8 nilipoanza, na hadi diski moja ya TB 1, ya kuzunguka, mizunguko 7200 kwa dakika. Imekaa chumbani kwangu juu ya stuli, na kebo ya mtandao imeruka ukuta kwenda kwa dada jirani mwenye steshenari na kafe. Humo ndani kulikuwa na mashine pepe 4. Ya kwanza Windows 10 ya mahesabu ya duka. Ya pili Debian ya kutunza kila kinachoskaniwa pale: vyeti, fomu, picha za pasipoti. Ya tatu ina Kiwix, ile programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, maana wanafunzi wanakuja kusoma pale bila kula bando la mtu. Ya nne yangu ya kujifunzia, ya kuvunja na kujenga upya.

Kwa wadau wa mbali niseme tu kwamba Kahama ni mji wa biashara. Bulyanhulu iko upande wa Kakola, Buzwagi ilikuwa hapa hapa karibu na mji mpaka mgodi ulipofungwa 2021, mchele unajaa Kagongwa, na watu wa Ushetu na Msalala wanakuja mjini kumaliza mambo yao ya mtandaoni: mikopo ya HESLB, Ajira Portal, matokeo ya NECTA. Kwa hiyo steshenari hapa si duka la kalamu. Ni ofisi ya watu.

Sasa tatizo. Asubuhi dada akifungua, Windows ilikuwa inachukua dakika 10 mpaka uone programu ya mahesabu. Mtu wa kafe akifungua Wikipedia, ukurasa unakuja nusu, unasimama, unamalizia. Mimi nikakimbilia walikokimbilia wengi: prosesa ndogo hii, nitafute kubwa zaidi. Nikaangalia grafu ya Proxmox, prosesa inatumika asilimia 8. Inapiga miayo! Lakini chini yake kuna mstari mwingine unaoitwa "IO delay", na huo ulikuwa juu asilimia 50 na kitu. Maana yake prosesa imekaa inasubiri diski ilete kitu.

Hapa ndipo penye utamu wote wa mada, naomba twende polepole.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, na mkono wenye kichwa kinachosoma. Mizunguko 7200 kwa dakika ni mizunguko 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3 hivi. Ukitaka kipande cha data, mkono unasogea kwanza hadi kwenye njia yake, chukulia milisekunde 8 au 9 kwa wastani, halafu unasubiri sahani ilete hicho kipande chini ya kichwa, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushei. Jumla kama 12 au 13. Gawa sekunde moja kwa hizo, unapata safari 80 kwa sekunde. Themanini tu, wadau. Diski ndogo ya laptop ya mizunguko 5400 haifiki hata 60.

Lakini mbona dukani wanaandika MB 150 kwa sekunde? Hawadanganyi. Hiyo ni pale unaposoma faili moja kubwa iliyopangwa mfululizo, kama filamu, mkono hausogei sana. Chukulia ghala la mchele pale Kagongwa lenye mzee mmoja mwenye ufunguo. Akija mteja na lori akasema nipe gunia 100 za kwenye rundo lile, kazi inakwenda, gunia moja baada ya jingine. Sasa waje wateja wanne kwa mpigo, huyu anataka kilo moja ya kona ya kaskazini, yule kilo moja ya kona ya kusini, mwingine kilo moja kutoka juu kabisa. Mzee atatembea kutwa nzima, na jioni ukipima mchele uliotoka hata gunia moja halijai. Hajawa mvivu. Amemaliza miguu.

Mashine pepe ndio hao wateja wanne. Kila moja inajua kupanga maombi yake vizuri, ila haijui kuna wenzake. Zikifika chini kwenye diski moja, maombi yote yanachanganyika kama makande. Zile safari 80 zinagawanywa kwa 4, kila mmoja anabaki na 20. Na Windows ikiwa inawaka inataka vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu. Piga hesabu mwenyewe.

Na hili la miguu ya mzee ni la tangu zamani. Diski ya kwanza kabisa kuuzwa, ile IBM 350 ya mtambo wa RAMAC mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na ilibeba herufi milioni 5 tu. Kufikia kipande kimoja ilichukua kama milisekunde 600. Diski ya leo ya TB 1 inabeba zaidi ya mara laki mbili ya ile, lakini kufikia kipande bado ni milisekunde 12. Ujazo umepanda mara laki, miguu imeongezeka kasi mara 50 tu. Ndio maana kununua diski kubwa zaidi hakukusaidii kitu hapa. Unampanulia mzee ghala.

Basi kabla hujanunua chochote, pima. Kwenye Debian au Proxmox weka kifurushi cha sysstat, kisha andika iostat -x 1 uangalie safu mbili: ile ya await, yaani ombi moja linasubiri milisekunde ngapi (kwenye matoleo ya karibuni imegawanywa, r_await ya kusoma na w_await ya kuandika), na %util, yaani diski iko bize asilimia ngapi. Yangu asubuhi ilikuwa inasubiri zaidi ya 200, na util imeganda kwenye 100. Wenye Windows tupu fungueni Resource Monitor, kichupo cha Disk, mtaona foleni. Kipimo ambacho naomba mkiache ni kile cha kunakili faili moja kubwa kwa dd halafu unashangilia MB 150. Hicho kinampima mzee siku ya lori.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa RAM, kutoka GB 8 kwenda 16. Wengine watauliza RAM na diski wapi na wapi. Ni kwamba RAM ikijaa, mfumo unaanza kutupa vitu kwenye diski na kuvirudisha, na kila mashine pepe inafanya hivyo kivyake. Andika free -h ndani ya kila moja. Ukiona swap inatumika sana, diski yako inafanya kazi isiyo yake. Hapo nilipata nafuu ya kuonekana.

Ya pili, jinsi mashine pepe inavyoiona diski. Nilipoiweka Windows mara ya kwanza niliacha diski iwe aina ya IDE kwa sababu ndiyo inayokubali bila maneno. IDE hiyo ni maigizo: Proxmox inajifanya kifaa cha miaka ya tisini, rejista kwa rejista, na inapokea ombi moja moja. Badilisha iwe VirtIO SCSI, ambayo haijifanyi kitu; mgeni na mwenyeji wanajuana kwamba hapa ni mashine pepe na wanapeana maombi kwa mafungu. Linux inaielewa yenyewe. Windows inataka draiva, na hapa ndipo vijana wanapopata skrini ya bluu. Usiigeuze diski kuu moja kwa moja. Ongeza kwanza diski ndogo ya pili ya GB 1 iwe ndiyo VirtIO SCSI, washa Windows, weka draiva kutoka CD ya virtio-win, hakikisha ile diski ndogo inaonekana. Zima. Sasa ndio uigeuze ile kubwa, na usisahau kurekebisha mpangilio wa kuwakia. Mimi nilisahau, nikakaa saa nzima natukana.

Ya tatu, zisiwake zote kwa mpigo. Kwenye Options za kila mashine pepe kuna mpangilio wa nani aanze na asubiriwe sekunde ngapi. Mimi niliweka ya faili kwanza, sekunde 90, halafu Windows, na Kiwix mwisho. Hili halikunigharimu senti na ndilo lililomfanya dada anisifu. Pia angalia usiku: kama kila mgeni anafanya ukaguzi wa virusi na bakapu saa ile ile, unawapanga wateja wote mlangoni kwa mkupuo. Watawanye. Kuna ushauri mwingine mtaukuta kila mahali wa kuweka noatime kwenye fstab. Ni wa zamani. Linux yenyewe tangu 2009 inaandika muda wa kusomwa kwa faili mara chache tu, kwa hiyo faida yake leo ni ndogo, usiupe siku yako.

Baada ya hayo yote Windows ikawa inawaka kwa dakika 4. Mtu mwenye akili angeishia hapo akaanza kudunduliza hela ya SSD. Mimi sikuishia hapo.

Kwenye mipangilio ya diski ya Proxmox kuna kijisanduku kinaitwa Cache. Kawaida kimeandikwa "No cache". Ukikifungua unakuta mengine, na mojawapo linaitwa "Write back (unsafe)". Hilo neno la mwisho hata asiyejua Kiingereza anaambiwa maana yake, ni hatari. Lakini nilikuwa nimesoma mahali jamaa anasema kwake lilifanya diski iruke. Nikaweka, kwenye mashine zote 4. Jamani, ilikuwa babkubwa! Windows dakika moja na nusu. Kuskani na kuhifadhi ni papo hapo. Nikatembea mtaani kifua mbele, fundi wa mafundi.

Nieleze nilichokuwa nimefanya. Programu ikiandika kitu cha maana, hairidhiki kukitupa tu. Inauliza: kimeshafika kwenye diski kweli? Inasubiri jibu, ndipo inaendelea. Swali hilo ndilo linalochukua muda mrefu, kwa sababu jibu la kweli linahitaji sahani izunguke. Ukiwa kwenye "No cache", swali linapita moja kwa moja hadi kwenye diski. Kwenye "Write back" ya kawaida, data inakaa kwanza kwenye RAM ya seva, ila swali likiulizwa, inasukumwa kwanza ndipo jibu linatoka, kwa hiyo ni salama kama mgeni anauliza inavyopasa. Kwenye "unsafe", swali linapuuzwa. Proxmox inajibu "tayari" hapo hapo, huku data imekaa kwenye RAM, inaweza kukaa hata nusu dakika au zaidi. Mzee wa ghala anakuandikia risiti kwamba mchele umeingia, na gunia bado liko barabarani kwenye bodaboda.

Ilikuwa msimu wa maombi ya mikopo. Dada alikuwa anaskani kutwa: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi, kurasa zenye saini za wadhamini na serikali za mitaa. Wengine wanaskani, wanaacha, wanarudi kwao, yeye anawapandishia usiku intaneti inapokuwa nyepesi. Usiku mmoja, kama saa 8, uniti za LUKU zikaisha. Siyo kukatika umeme, wala siyo mgawo. Ni mimi nilisahau kununua. Taa ziliwaka nyumba nzima ya jirani, kwangu giza.

Asubuhi nikanunua uniti, nikawasha. Windows ikajikagua ikaamka. Debian ya faili ikagoma, inalalamika kuhusu jedwali za faili. Nikapiga fsck, ikauliza maswali mia, nikawa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ilipowaka, folda ya msimu ule haipo. Mahali pake kuna lost+found yenye vitu vyenye majina ya namba, vingine vina ukubwa sifuri.

Dada akaja mlangoni, hakupiga kelele hata kidogo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Fundi, shikamoo za asubuhi tutasalimiana baadaye. Faili za watu ziko wapi?"

Mimi nilidhani nitakuwa nimepoteza nusu dakika ya mwisho. Ndivyo nilivyokuwa najidanganya kila nikiitazama ile "unsafe". Haikuwa hivyo, na hiki ndicho nataka mkishike. Mfumo wa faili kama ext4 unategemea utaratibu: kwanza andika kwenye daftari la kumbukumbu unachotaka kufanya, hakikisha kimefika, ndipo uguse jedwali kuu. Umeme ukikatika katikati, daftari linasema lilipoishia. Ukipuuza lile swali, utaratibu unavurugika: jedwali linaweza kufika kabla ya daftari, au nusu ya hiki na nusu ya kile. Kinachoharibika si faili ya mwisho tu, ni ramani inayoonyesha faili za wiki zilizopita ziko wapi. Juu ya hapo, diski zangu pepe zilikuwa faili za qcow2, ambazo nazo zina ramani yao wenyewe ndani, nayo inategemea utaratibu huo huo.

Wengi tuliwapata kwa simu, karatasi walikuwa nazo, wakarudi kuskani. Kijana mmoja alikuwa ameshaenda zake Ushetu. Alirudi kesho yake na bahasha yake, amekaa kwenye basi na vumbi lote lile. Nauli nililipa mimi, kwenda na kurudi. Maombi yake yaliingia kabla ya dirisha kufungwa, ila zile saa 24 sitaki kuzirudia.

Bakapu? Nilikuwa na snapshot 6, na zote zilikuwa kwenye diski ile ile, ndani ya faili ile ile iliyovurugika. Nadhani mnanielewa.

Nilivyoanza kusoma kwa hasira nikakuta hata wakubwa yamewakuta. Januari 2005 umeme ulikatika kwenye jengo lililokuwa na seva za LiveJournal, wakati ule moja ya tovuti kubwa kabisa za watu kuandika shajara zao, na kuziamsha upya hifadhidata kukawa kazi pevu. Brad Fitzpatrick aliyeianzisha alikuja kulalamika waziwazi mwaka huo huo kwamba diski zinadanganya: zinasema zimeandika na hazijaandika. Akatengeneza programu ndogo inaitwa diskchecker.pl ya kuzikamata. Maana hata ukiacha "No cache" kule juu, diski yenyewe ina RAM yake ndogo na inaweza kukujibu "tayari" kwa kutumia hiyo.

Kuna njia rahisi ya kuishuku. Proxmox ina amri inaitwa pveperf, inatoa mstari wa FSYNCS/SECOND, yaani lile swali linajibiwa mara ngapi kwa sekunde. Diski ya mizunguko 7200 inazunguka mara 120 kwa sekunde. Ikikuambia inajibu kwa ukweli mara 1500, jiulize imezungukaje. Ama kuna kontrola yenye betri yake inayotunza data, ama mtu anakudanganya. Kwangu ilikuwa makumi tu, diski yangu maskini ilikuwa mkweli. Mwongo nilikuwa mimi.

Sasa SSD. Hii haina mkono wala sahani, kwa hiyo hakuna wa kutembea. Hata ya SATA ya kawaida inamudu safari makumi elfu kwa sekunde pale diski ya kuzunguka inapomudu 80. Hakuna mpangilio wa Proxmox utakaokupa tofauti hiyo. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hiki. Ila mambo matatu.

Kwanza, feki zimejaa. Kuna zinazoandikwa GB 480 na ndani ni ndogo mno. Ukipitisha kiasi kile, data mpya inafuta ya zamani kimyakimya. Ukifika nayo nyumbani kabla ya kitu chochote ijaze yote kwa f3write halafu isome kwa f3read (kwenye Windows kuna H2testw). Muuzaji akikataa kukupa hata siku moja ya kuijaribu, mwachie.

Pili, za bei rahisi zina sehemu ndogo ya mbele inayokwenda kasi. Gigabaiti za mwanzo zinaruka, ikijaa hiyo sehemu, kasi inaweza kushuka hata chini ya diski ya kuzunguka. Kwa mtumiaji wa kawaida sawa. Kwa mashine pepe 4 zinazoandika kutwa, utaiona.

Tatu, na hili ndilo linahusu LUKU. SSD nazo zina RAM ndani. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya seva, kama Intel DC S3500 au Samsung PM863, zina kapasita ndani, zinazotunza umeme wa kutosha kumalizia kuandika pale umeme unapokatika. Kwa hiyo lile swali zinalijibu haraka na kwa ukweli, kwa sababu hata umeme ukikata sasa hivi data itafika. Za kawaida hazina, hivyo ama zinajibu polepole, ama zinakudanganya. Nilipata ya seva iliyotumika, GB 480. Iliyotumika si dhambi, ila kabla ya kulipa piga smartctl -a uone imeandikwa kiasi gani. Kwenye zile Intel angalia Media_Wearout_Indicator, inaanza 100 na kushuka kadiri inavyochoka. Yangu ilikuwa 91.

Diski ya zamani sikuitupa. Kiwix bado iko kule, maana Wikipedia ya Kiingereza peke yake na picha inazidi GB 100, inasomwa tu haiandikwi, na sasa mzee ana mteja mmoja. SSD inabeba mifumo yenyewe na faili za dada. Cache nimerudisha "No cache" zote. Nimetia tiki kwenye Discard ili mgeni akifuta kitu SSD ijue nafasi imeachwa, na ndani ya Debian fstrim inajiendesha kila wiki. Zile snapshot nimezifuta. Bakapu ya kweli inatoka kila usiku kwenda kwenye diski ya nje, ambayo Jumamosi nampa dada aende nayo kwake.

Angalizo kwa mnaotaka kununua diski ya kuzunguka ya bakapu: kuna aina inaitwa SMR, njia zake zimelaliana kama vigae, ukiandika moja inabidi aandike na za jirani. Ni nafuu, na kwa kuandika hapa na pale ni kimeo. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red zake za nyumbani zilikuwa SMR bila kuandikwa kwenye maelezo, na zogo lilikuwa kubwa. Kwa bakapu ya mara moja usiku inakubalika. Usiweke mashine pepe humo.

Na UPS. Ndogo tu, 650VA, kwa OptiPlex inanipa kama dakika 15. Lakini UPS peke yake ni kuahirisha giza. Iunganishe kwa waya wa USB, weka programu ya NUT, iambie betri ikishuka izime mashine pepe moja moja na mwisho seva yenyewe. Bila huo waya, dakika ya 16 uko pale pale.

Mwisho nilifanya jaribio la Brad. Inataka kompyuta mbili: moja inaandika kwenye diski na kila ikijibiwa "tayari" inaiambia ya pili kwa mtandao, na ya pili inaweka kumbukumbu. Laptop yangu ikawa shahidi, na niliifanya kwa mashine pepe tupu, siyo ya dada. Nikachomoa waya wa seva ukutani, UPS nikiwa nimeiruka makusudi. Roho ilinidunda kama napiga penalti. Nikarudisha, nikalinganisha. Kwa SSD yenye kapasita, makosa sifuri, mara 5 mfululizo. Kisha nikairudisha ile "unsafe" kwa jaribio moja tu. Makosa mamia.

Windows ya dada sasa inawaka kwa sekunde 25. Inabidi tuihamishe, maana Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 14, 2025, ila hiyo ni mada ya siku nyingine. Wenye SSD za kawaida zisizo na kapasita, fanyeni lile jaribio la kuchomoa kwenye mashine isiyo na kitu cha mtu, mtuletee namba hapa chini na aina ya diski tulinganishe. Mimi LUKU nanunua kila Jumapili.

Naomba kuwasilisha.